Matundu Manne ya Fundi Bomba

3 Februari

Mjukuu wangu Chembe,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujanisalimia, kwa sababu najua barua yako itakuja na shikamoo mbele, na mimi sipendi shikamoo ya mtu ikae njiani siku tisa bila kuitikiwa.

Mimi ni mzima kama bomba la chuma. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, lakini hilo ni goti la kazi, si la uzee. Yule paka uliyetuachia kazaa watoto watatu ndani ya sanduku langu la spana. Nimewaacha. Nikitaka spana naichomoa polepole, naomba radhi, naondoka. Jirani yetu Fundi Redio bado yupo, na kazi bado hajui.

Simu nimeiweka kando. Kila nikikupigia unaongea chini chini, napiga kelele peke yangu mpaka watu wa nyumba ya tatu wananijibu. Barua ni bora. Naandika kwa penseli yangu bapa ya kutia alama mabomba, kwa hiyo ukiona herufi nene usidhani nakufokea.

Sasa. Bibi yako aliniaga anakuja kwako wiki mbili. Leo ni wiki ya saba. Siulizi kitu, nakupa hesabu tu.

Jambo la pili, ambalo halihusiani kabisa na hilo la kwanza, ni kwamba mtandao wa hapa nyumbani umekufa. Ulikufa Jumamosi ile bibi yako anafundisha darasa lake la kushona kwenye kompyuta, wale wanawake thelathini na mmoja wanamtazama kila mmoja akiwa kwake, yeye anawaonyesha namna ya kupachika kola. Picha ikaganda. Wanasema walibaki wanamwona mdomo wazi, mkasi juu, kama mtu anayetaka kumnyoa mzimu. Siku mbili baadaye akafunga mzigo. Kompyuta yake ya kukunja kaisahau kwenye chumba cha cherehani, kaifunika kitambaa.

Aliniuliza mara moja tu, "Mzee, umegusa kitu?" Nikasema sijagusa kitu. Na leo nasema tena kwa maandishi, sijagusa kitu.

Sikuombi msaada. Mtu aliyefunga mabomba miaka thelathini na minane, hospitali nzima ya ghorofa nne, na hakuna kiungo chake hata kimoja kilichowahi kuvuja, hawezi kushindwa na kisanduku chenye taa. Nakuarifu tu kwa kuwa ndiyo kazi yako.

Mwambie mke mwenzako paka kazaa.

Babu yako,
Fundi Bomba

14 Februari

Babu, mume wangu mkaidi,

Shikamoo, japo naona marahaba ilishafika ikawa inaningoja mlangoni.

Huku hatujambo. Wiki hii nimeshinda nikitambaa chini ya meza za ofisi moja ya bima, natafuta waya uliotafunwa na panya. Nimempata panya kabla ya waya. Mkurugenzi wao alipanda juu ya kiti na hakushuka mpaka mchana.

Bibi hajambo, mwili mzima. Nguo zangu zote kazipiga pasi, hata soksi. Pazia langu kalipunguza, kaliongeza, kalipunguza tena. Nilimsomea barua yako kwa sauti. Kwenye habari za paka akacheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika kwenye kola akainuka kwenda kuangalia chungu, na hakukuwa na chungu motoni. Nikamuuliza, "Bibi, unarudi lini?" Akasema, "Mtandao ukirudi." Nikasema basi nitautengeneza. Akasema, "Hautarudi ule," akachukua pazia.

Kwa hiyo, Babu, yale mambo yako mawili yasiyohusiana nadhani yanajuana.

Nifanyie hivi. Zima ruta zote mbili, hivyo visanduku vyenye taa, ile kubwa ya sebuleni na ile ndogo niliyowaletea ya chumba cha cherehani. Hesabu hadi mia. Washa kubwa kwanza, taa zake zikitulia ndipo uwashe ndogo. Halafu niandikie unachokiona, si unachokifikiri. Na uniambie matundu ya waya nyuma ya ruta kubwa ni mangapi, na yana nini.

Kama ni kazi nzito, mwite Fundi Redio. (Nakutania. Usichane barua.)

Mjukuu wako,
Chembe

26 Februari

Chembe,

Barua sikuichana, niliikunja kwa nguvu tu. Natumaini huko mna afya na panya wamekwisha. Hapa goti limenyamaza. Paka wawili wamefumbua macho, wa tatu anangoja aone kama dunia ina maana.

Nimefanya ulivyosema, ila nimehesabu hadi mia mbili, mia moja ni ya wanafunzi. Mtandao ukarudi! Nikaketi kwenye ile kompyuta kubwa aliyoiacha mjomba wako, nikaona habari za hali ya hewa, nikaenda kumimina chai ili nizisome nimekaa kama bosi. Kurudi na kikombe, umekata. Nikarudia. Umekata. Nimerudia mara sita, kila mara dakika mbili, kila mara kikombe. Siku hiyo mtandao sikuupata, ila choo nilikijua vizuri.

Unataka ninachokiona. Naona taa za ruta kubwa zinapepesa zote pamoja, mbio mbio, kama kope za mtu aliyeingiwa na vumbi. Matundu yapo manne. Hakuna lililo wazi. Mimi siachi mdomo wazi popote. Mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza nilikuwa namfundisha hilo kabla hata sijamwonyesha pa kuweka mfuko wake. Unaziba midomo yote, ndipo unafungulia maji.

Sasa ninachokifikiri, hata kama hukutaka. Tatizo nimelipata. Hii kompyuta kubwa ni ya zamani, ya bibi yako ni ya kisasa, na ruta nazo moja kubwa moja ndogo, kila moja na kiwanda chake. Hakuna mtu anayeunganisha bomba la inchi mbili na la nusu inchi hivi hivi. Pale katikati panataka kiungo cha kupunguzia. Nitumie kiungo cha kupunguzia. Kama dukani hakipo, nipe vipimo nikichonge.

Hiyo ya kukunja sijaiwasha. Kile kitambaa kakikunja kwa namna yake mwenyewe. Nikikifunua sitajua kukirudisha.

Anakula lakini, huko?

Babu yako,
Fundi Bomba

9 Machi

Babu,

Shikamoo na pole kwa safari zote zile za chooni.

Tuko salama. Nimepandishwa cheo kidogo, sasa natambaa chini ya meza za wakubwa. Bibi anadonoa chakula kama ndege. Ananipa mimi sahani iliyojaa, yeye anazungusha kijiko. Jumamosi asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Saa ileile ya darasa anakaa dirishani na futi yake ya kupimia shingoni, hapimi kitu.

Kiungo cha kupunguzia hakuna, Babu. Kompyuta hata zikipishana umri kama mimi na wewe zinaelewana. Wasiwasi wangu ulikuwa kwenye ruta ndogo. Wakati mwingine inajisahau, inataka nayo iwe mkuu wa nyumba, ikaanza kugawa namba zake pembeni, na kompyuta hazijui zimfuate nani. Chomoa ule waya mrefu unaotoka ruta kubwa kwenda chumba cha cherehani. Washa ruta kubwa peke yake, subiri muda wa vikombe viwili, uniambie.

Lakini hizo taa zinazopepesa zote pamoja sizipendi. Ofisini nimewahi kuziona hivyo. Naomba unijibu kwa utulivu, bila kunikunjia barua. Siku ile ya kola, asubuhi, nani alikuwa sebuleni kabla ya darasa?

Chembe

21 Machi

Chembe,

Salamu zimefika, hongera ya cheo. Mwambie bibi yako kwamba ndege hawaitunzi nyumba, wanakula mbegu tu, na yeye ana nyumba. Usimwambie. Mwambie ale.

Ule waya mrefu nimeuchomoa. Tundu lake nikaliziba na kipande cha mpira ili lisipoteze kitu wakati tunapima. Nimesubiri vikombe viwili. Mtandao umekata kwenye kikombe cha kwanza. Kwa hiyo ruta ndogo haina kosa, maskini, imesingiziwa. Nimeurudisha waya wake na nimeifuta vumbi.

Alikuja Fundi Redio. Nadhani kapata habari kwa wale wa nyumba ya tatu. Kasimama mlangoni na mkoba wake.

"Fundi Bomba, nasikia una shida ya mtandao."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe, Jumanne, ulipokuwa unaifokea ruta."

"Sikuwa naongea na wewe."

"Niangalie tu matundu, dakika moja."

"Matundu yangu yana nini?"

"Sijui, ndiyo maana nataka kuangalia."

"Ulipoangalia redio yangu ilibaki inashika stesheni moja, na hiyo moja ni ya watu wanaosoma bei za mbolea."

Akacheka, mjinga yule, akaniambia, "Mwenzako akirudi nitakuja, mwenzako ana adabu." Nikafunga mlango. Akirudi! Kana kwamba ni jambo la kubahatisha.

Unauliza nani alikuwa sebuleni. Sebule ni yangu. Nilikuwa sebuleni kama ninavyokuwa sebuleni siku zote tangu nilipoijenga. Nilifuta meza. Kufuta meza si kugusa kitu. Sijagusa kitu. Nimeshasema, nasema, na ukiuliza tena nitasema.

Paka wa tatu kafumbua jicho moja.

Fundi Bomba

1 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Leo sina utani mwingi, nivumilie.

Nimeziweka barua zako zote mezani nikahesabu. Ukiacha lile la waya unaotoka nje, uliniambia matundu ni manne na hakuna lililo wazi. La kwanza lina waya wa kompyuta kubwa. La pili lina waya mrefu unaokwenda kwenye ruta ndogo. Kompyuta ya Bibi haina waya, imefunikwa kitambaa. Hapo nimemaliza vitu vyote vya nyumba hiyo, na bado nina matundu mawili.

Hayo mawili yana nini, Babu?

Mtu akichukua waya mmoja, upande huu akachomeka tundu hili na upande wa pili akachomeka tundu la jirani yake, ujumbe unatoka hapa unaingia pale, unatoka tena unaingia tena, unazunguka bila kufika popote, mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Ukizima na kuwasha, mtandao unapumua dakika mbili, halafu unajaa. Taa zote zinapepesa pamoja. Ndivyo nilivyoona ofisini. Siulizi nani.

Ila kuna jambo nilikuwa sikwambii, kwa sababu Bibi alinikataza, na leo navunja ahadi yake.

Kile kitambaa hakukisahau, Babu, wala kompyuta hakuisahau. Aliifunika kwa makusudi. Wewe unadhani kakununia. Hajakununia. Jumamosi iliyopita nilimkuta anaandika, nikasoma juu ya bega lake. Anawaandikia wanafunzi wake, kupitia kwa mmoja wao, watafute mwalimu mwingine. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kuna kitu nilikibonyeza siku ile. Nilimuuliza babu yako, kasema hakugusa kitu, na babu yako tangu nimjue hajawahi kunidanganya. Basi ni mimi. Mkono wangu wa kushona naujua, huu wa mashine umezeeka. Siwezi kuwaaibisha wale wanawake mara ya pili."

Hiyo ndiyo sababu ya wiki zote hizi. Hakukukimbia wewe, anaikimbia ile ruta.

Nimemwomba asiitume barua hadi mwisho wa mwezi. Kakubali kwa shida. Barua imekaa chini ya mto wake, imeshabandikwa stempu.

Chembe

10 Aprili

Chembe,

Umwite bibi yako akae, na ufunge mlango wa jikoni asipate chungu cha kwenda kuangalia. Halafu msomee kuanzia hapa chini, kwa sauti, usiruke.

Mke wangu. Miaka arobaini na mbili sijawahi kukuandikia kwa sababu hukuwahi kuwa mbali. Nimechonga penseli mara tatu.

Asubuhi ile ya darasa nilikuwa nafuta meza ya sebuleni. Nikaukuta ule waya mfupi wa manjano, ule uliokuwa unautumia mwanzoni kabla Chembe hajatuletea ruta ndogo. Upande mmoja umechomekwa kwenye ruta, upande wa pili unaning'inia, mdomo wazi. Nikasema aa, kumbe ndiyo maana. Ndiyo maana picha ya mke wangu inakwenda kwa kukwama kwama, mtandao wetu unamwagika sakafuni mwezi wa ngapi huu na hakuna anayeona. Tundu la jirani lilikuwa tupu. Nikauchomeka. Ukalia tik. Nilifurahi, unanijua nikisikia kiungo kinakaa vizuri. Nilikuwa nangoja umalize darasa, wakusifie picha safi, ndipo nikwambie ni mimi.

Halafu ukaganda. Ukaja sebuleni ukaniuliza, na neno likatoka kabla yangu. Nikishasema ninakaa nalo, hiyo nayo unaijua. Nimelilinda lile neno kama mlinzi anayelinda geti usiku na mchana bila kujua ndani kuna nini. Chembe kaniambia sasa ndani kulikuwa na nini.

Nilidhani umeondoka na hasira. Hasira zako nazijua, ningezingoja. Sikujua umeondoka na kosa langu ndani ya mzigo wako.

Hukubonyeza kitu. Mkono wako ni uleule. Chana hiyo barua, stempu uibandue, itatufaa.

Fundi wako kiungo chake kimevuja. Kimoja. Miaka thelathini na minane, kimoja. Naomba kiandikwe hivyo hivyo, kimoja.

Hapo usome mwisho, Chembe, kinachofuata ni chako. Waya nimeuchomoa jana saa tatu. Taa zikatulia, kila moja ikawa inapepesa zamu yake, kwa adabu. Nimekunywa kikombe cha kwanza, nikanywa cha pili, nikasoma hali ya hewa ya miji ambayo hatuna mtu. Mtandao upo. Waya wenyewe nimeukunja ndani ya bahasha hii. Sitaki kuuona.

Fundi Redio usimwambie.

Babu yako

19 Aprili

Babu,

Shikamoo. Hii ni fupi, nimeiandika nikiwa nimekalia begi la Bibi ili zipu ifunge.

Nilimsomea, sikuruka. Akasema, "Soma tena pale kwenye tik." Nikasoma. Akasema, "Tena." Mara ya tatu akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia, na kilipoipata ilibidi nimshikie kiti. Halafu akalia kweli, kidogo, akajifuta kwa pazia langu.

Akautoa waya kwenye bahasha, akaupima kwa futi yake. "Inchi kumi na nane," akasema. "Mume mzima na waya wa inchi kumi na nane, wamenihamisha nyumba."

Barua ya wanafunzi kaichana. Stempu kaibandua, ndiyo hii iliyoko kwenye bahasha yako.

Kasema nikuandikie hivi, namnukuu: "Mwambie nakuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu. Asinipokee na maneno. Anipokee na chai, na asinywe yote."

Mjukuu wako, sasa mke pekee wa nyumba hii,
Chembe

6 Mei

Mjukuu wangu Chembe,

Marahaba kwa hiyo shikamoo iliyoko njiani.

Sote wazima. Paka wa tatu kafumbua macho yote mawili siku ileile bibi yako aliposhuka, mimi sisemi kitu. Goti lina nguvu, begi lake nimelibeba mwenyewe hadi ndani. Lina pazia lako. Anasema lilikuwa halijakaa sawa.

Darasa lilirudi Jumamosi. Thelathini na moja wote walikuja, na watatu wapya. Aliponiita niingie kwenye picha nilidhani ananitambulisha. Kumbe kaniketisha mbele yao akasema, "Haya, Mzee, waeleze." Nikaeleza yote, na tik yake. Walicheka mpaka wengine wakatoka kwenye picha. Mmoja akauliza, "Fundi, bomba la jikoni kwangu linadondoka usiku kucha, nifanye nini?" Nikamjibu. Wa pili akauliza la bafuni. Nimefundisha dakika arobaini, kola ikasogezwa wiki ijayo. Bibi yako kasema darasa lake lina mwalimu mmoja, na mimi nikitaka nifungue langu.

Fundi Redio kajua. Bibi yako kamwambia dirishani, kwa makusudi. Kanitumia kipande cha waya chenye utepe. Nimekitundika chooni.

Jambo moja lilinisumbua, nakwambia wewe tu. Yale matundu mawili. Yamebaki wazi, na bibi yako kasema wewe umeagiza yaachwe. Nikipita sebuleni nageuza uso. Nikikaa nayaona. Sikulalamika, nimejifunza, lakini chai ilikuwa haishuki vizuri.

Jana asubuhi nimeamka nimekuta kila moja limezibwa kwa kizibo cha kitambaa cha bluu, kidogo kama ukucha, kimetiwa pamba ndani na kushonwa ukingoni kwa mshono ule wake wa kola. Vimekaa sawasawa. Nimevibonyeza kwa kidole, havitoki.

Bibi yako alikuwa ameketi kwenye cherehani ananiangalia kwa pembeni.

Nimekunywa vikombe vitatu. Vizibo havivuji.

Babu yako,
Fundi Bomba